Kisiwa Waliponificha Kifo cha Baba

Mmekuwa mkiniuliza, kanisani na kazini, safari ya Ugiriki ilikuwaje, na mimi nimekuwa nikiwajibu "ilikuwa salama" kisha nageuza mazungumzo. Wengine wenu mliiona ile picha yangu ndani ya volkano, meno yote nje, halafu mkasikia kwamba baba yangu alifariki wiki hiyo hiyo, mkashindwa kuyaunganisha mambo hayo mawili. Naandika mara moja ili nisirudie kwa kila mtu. Baba alifariki asubuhi ya ile picha. Rafiki zangu watatu nilioandamana nao walijua siku hiyo hiyo. Mimi niliambiwa Ijumaa, mlangoni kwangu hapa Columbia Heights, Minnesota, wakati yeye ameshafukiwa. Yaliyo katikati ndiyo safari yenyewe.

Minneapolis hadi Athens

Tulikuwa wanawake wanne. Moraa mnamjua, yule nesi wa Woodbury, Mkisii mwenzangu, mkubwa wetu, ambaye hata ukienda naye kununua vitunguu yeye ndiye mwenyekiti wa safari. Wanjiku tunafanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee kule New Hope, mimi na yeye zamu moja, na mdomo wake haujui likizo. Neema ni Mtanzania, mhasibu, mpole, mtu wa kusema sentensi moja wakati sisi tumeshasema ishirini. Wazo la volkano lilikuwa la Wanjiku. Likizo zetu zote tulikuwa tukienda mji wa jirani, Duluth, na yeye akamwambia Moraa, "Every year ni Duluth, kila mwaka Duluth! Mimi nataka kuona moto ikitoka kwa ground kabla nizeeke."

Ndege ilichelewa. Kwanza wakasema ni mvua, halafu wakasema ni rubani, halafu wakaacha kusema. Tulikaa kwenye viti vya uwanja mpaka chapati ambazo Moraa alizifunga kwa ajili ya angani zikaisha tukiwa bado ardhini. Babu mmoja mzungu aliyekaa karibu nasi alizitazama sana, Moraa akampa moja. Alikula, akauliza ni mkate wa nchi gani. Wanjiku akamjibu, "Woodbury." Tulicheka mpaka watu wakageuka. Naandika hayo ili mjue tulianza vizuri.

Kabla ya kupanda nilimpigia baba. Alikuwa na kikohozi, lakini baba alikuwa na kikohozi tangu nilipomaliza shule. Aliniuliza naenda kufanya nini kwenye mlima unaowaka. Nikamwambia kutembea tu. Akasema, "Haya, tembea. Usiinamie shimo." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, na hakuna hekima ya kutafuta ndani yake. Alimaanisha shimo.

Athens hadi Nisyros

Hatukwenda kile kisiwa cha nyumba nyeupe ambacho kila mtu ana picha yake. Tulikwenda Nisyros, kisiwa kidogo karibu na Uturuki ambacho chote ni volkano moja. Unapanda ndege ndogo hadi Kos, halafu meli. Bahari ilikuwa imeanza kukasirika na Neema alitapika njia nzima kwa adabu kubwa, akiomba radhi kila mara.

Tulipanga kwa Bi Irini, mjane mzee aliyevaa nguo nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi. Hakujua Kiingereza, sisi hatukujua Kigiriki, kwa hiyo Neema alikuwa akiandika kwenye simu na simu inatafsiri. Moraa aliomba chai ya maziwa. Aliletewa maji ya moto yenye majani ya mlimani, na pembeni glasi ya maziwa baridi. Alivichanganya, akanywa, akasema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Hii si chai. Hii ni dawa ya minyoo."

Jioni tulikula bajia za dengu, tamu kabisa, na Wanjiku akamkataa pweza aliyeletwa mezani. "Mimi siwezi kula kitu iko na miguu mob hivi," alisema. Bi Irini alidhani ni ugonjwa, akamletea limau. Jumapili hiyo nililala nikiwa na furaha. Nasema hivyo bila aibu, maana ndiyo siku yangu ya mwisho kulala hivyo.

Ndani ya kasoko

Jumatatu asubuhi basi lilitupeleka kwenye kasoko, lile shimo la volkano. Unashuka kwa njia ya changarawe hadi chini kabisa na unatembea sakafuni mwake. Hakuna moto. Wanjiku alidai arudishiwe nauli. Kuna ardhi nyeupe na ya manjano, mashimo madogo yanayopuliza mvuke, na tope linalochemka kwa chini, unalisikia kabla hujaliona. Harufu ni ya kiberiti na mayai viza. Ardhi ilipasha nyayo joto kupitia viatu. Niliogopa kidogo, nikakumbuka baba, sikuinamia shimo lolote. Moraa akanipiga picha nikicheka kwa sababu Wanjiku alikuwa akimwiga mchungaji wetu akihubiri habari za jehanamu.

Juu ya kasoko kuna mkahawa wenye intaneti. Sote tulikuwa tumezima mitandao ya simu tukiogopa bili ya ughaibuni, kwa hiyo pale ndipo tulipata dunia. Niliiweka ile picha mtandaoni mara moja, nikaandika "Mungu ni mwema". Wakati naiandika, simu ya Moraa ililia. Alitazama, akaondoka kwenda msalani.

Aliyempigia ni kaka yangu Osoro, kutoka Kisii. Hakunipigia mimi kwa sababu kwetu hapigiwi aliyefiwa. Anapigiwa mtu aliye karibu naye, mtu mzima, ndiye amfikishie. Na namba ya Moraa alikuwa nayo, Moraa ndiye mwenyekiti wetu wa kila kitu.

Moraa alirudi uso umelowa, macho mekundu. Nikamuuliza ana nini. "Hii kiberiti," alisema. "Imeniingia." Nilimpa kitambaa changu afute macho.

Upepo

Alasiri ile upepo ulianza, na Jumanne meli hazikuja, wala Jumatano. Kisiwa kidogo kikikosa meli kinakuwa chumba. Maduka yalifungwa, mawimbi yakapanda hadi barabarani, na viti vya mkahawa wa bandarini vikafungwa kamba.

Ndani ya nyumba ya Bi Irini nilikuwa nimegeuka malkia na sikujua kwa nini. Wanjiku alitandika kitanda changu. Moraa alifua nguo zangu kwa mkono, hata soksi. Nikiinuka kwenda chooni, mmoja anainuka. Chakula nilipewa cha kwanza, tena kingi. Simu zao wote watatu zilikuwa zimezimwa, eti tumekuja kupumzika, na yangu Wanjiku aliiazima "kupiga mapicha", akasema chaja imeharibika. Nilipouliza intaneti ya nyumba, Moraa alisema upepo umekata waya.

Waliimba pia. Moraa alianzisha nyimbo za kanisani zile za taratibu, na wenzake wakaitikia wakitazama sakafu. Nikawauliza, "Jamani, mbona mnaimba nyimbo za matanga kwenye likizo?" Wanjiku, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, akainuka kwenda kufunga dirisha.

Leo najua walikuwa wanabishana nikilala mchana. Neema ndiye alinisimulia baadaye, huku akilia. Yeye alitaka niambiwe. "Ni baba yake," aliwaambia. "Mwacheni alie." Moraa alikataa. Kwetu aliyefiwa haambiwi njiani. Anafikishwa kwanza nyumbani, anakalishwa katikati ya watu wake, anapewa chai, mchungaji anaomba, ndipo anaambiwa, ili akianguka aangukie mikononi mwa watu. Na kwetu, kwa maana ya Moraa, ni Columbia Heights. Alikuwa ameshawaandikia akina mama wa kanisa tangu kule kasokoni. Kuhusu mazishi hakuwa na wasiwasi hata chembe. Ni nani asiyejua kwamba maiti yenye mtoto Amerika husubiri? Itasubiri wiki mbili, tatu, mpaka watu wachange, mpaka mtoto afike. Wanjiku alikubaliana naye. Kila mmoja wetu angekubaliana naye. Mimi pia.

Hawakujua jambo moja. Mama yangu alipofariki alikaa mochari muda mrefu akitusubiri sisi wa mbali, na baba alikuwa akienda kumtazama kila baada ya siku chache, mpaka siku moja akarudi akasema yeye hatafanyiwa hivyo. Akiondoka, azikwe wiki hiyo hiyo. Aliwaapisha watoto wote. Jumatano Osoro alimwandikia Moraa kwamba mazishi ni Ijumaa, na kwamba ametafuta gari la kunipokea Kisumu. Alidhani nimeshaambiwa. Ujumbe ule uliingia kwenye simu iliyozimwa ndani ya begi, nami niko hapo chumbani nikilalamikia upepo.

Jumatano hiyo Bi Irini aliingia na sahani. Neema alikuwa amewasha simu yake kwa siri akamwandikia habari za msiba, kwa kuwa alihitaji kumwambia mtu. Mzee yule aliniwekea sahani mbele, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili, akanibusu kwenye paji la uso. Ilikuwa ngano nzima iliyochemshwa, imechanganywa na zabibu kavu, sukari na mbegu za komamanga. Nilifurahi. Niliwaambia wenzangu, "Onjeni, Wagiriki nao wana githeri yao, ila bila mahindi na maharagwe!" Hawakuonja. Nikala peke yangu mpaka nikamaliza, nikamwonyesha Bi Irini kwa ishara kwamba naomba tena.

Ni chakula wanachokipika kwa ajili ya marehemu. Nilikula matanga ya baba yangu, nikaongeza sahani ya pili, nikijilamba vidole.

Kurudi Athens

Alhamisi bahari ilitulia. Meli hadi Kos, ndege ndogo hadi Athens, na ndege yetu kubwa ilikuwa ya asubuhi ya Ijumaa. Lakini tulifika Athens mapema, jua bado lipo, na hapo uwanjani ndipo pananiuma kuliko kasokoni.

Tulikuwa tumeketi na mizigo tukisubiri basi la hoteli. Neema alisimama mbele ya ule ubao wa safari za ndege. Alisimama sana. Nikamfuata nikidhani amepotea. Ubaoni kulikuwa na ndege za kwenda kila mahali, na kati yake zile za miji ambamo sisi hubadilishia ndege tukienda nyumbani, unabadilisha mara moja, unaamka Nairobi. Neema aliniuliza bila kunitazama, "Kwamboka, ungepata nafasi ya kwenda Kisii kutokea hapa, leo hii, ungekwenda?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Niende mikono mitupu hivi? Baba atanifukuza kama kuku. Atauliza, ndiyo Amerika hiyo?"

Neema alifungua kinywa. Moraa akawa ameshafika, akanishika kiwiko. "Twende, basi imekuja," alisema. Halikuwa limekuja. Tulisimama nje muda mrefu tukilisubiri.

Nimewaza sana kuhusu hapo. Ningepanda jioni ile, ningekuwa Nairobi asubuhi na Kisii mchana. Kutoka pale nilikuwa karibu na baba kuliko nitakavyowahi kuwa nikiwa Minnesota, na watu wanaonipenda wakanishika mkono wakanirudisha nyuma, bahari nzima, ili waje waniambie vizuri.

Athens hadi Columbia Heights

Safari ya Ijumaa sina la kusema. Nililala, nikala kuku, nikatazama filamu ya mbwa. Wanjiku alishika mkono wangu tulipokuwa tunatua na mimi nikadhani anaogopa kutua.

Moraa alikuwa ameacha gari uwanjani. Nilimwambia anishushe tu mlangoni, kila mtu amechoka. Alisema, "Hapana, tutapanda na wewe." Wote watatu wakapanda.

Nikaviona viatu. Mnaijua korido yetu, ni nyembamba, na mlango wangu ni wa mwisho. Viatu vilikuwa vimeanzia mlangoni kwangu vikaja hadi mlango wa jirani. Viatu vya kina mama vya kanisani, viatu vyeusi vya mchungaji, viatu vya watoto. Nami mwenyewe nimewahi kuvua vyangu kwenye rundo kama hilo, kwenye milango ya waliofiwa, mara nyingi. Najua maana yake. Nilimgeukia Moraa nikamuuliza, "Ni nani?"

"Ingia kwanza," alisema.

"Moraa. Ni nani?"

"Ingia ukae, Kwamboka. Tafadhali, mama. Ingia kwanza ukae."

Sikuingia. Nilikaa pale pale juu ya viatu, na Neema akaketi karibu nami, akaniambia ni baba. Kwa hiyo hata ule utaratibu wote, chai, mchungaji, mikono ya watu, haukutimia. Niliambiwa kwenye korido.

Nilipoweza kushika simu nilimpigia Osoro. Kwao giza lilikuwa limeingia. Niliposema jina lake aliniuliza swali moja, kwa upole kabisa, "Kwa nini hukuja?"

Akaendelea, "Tulikungoja. Watu walitaka kwenda, mvua ilikuwa inakuja, nikawaambia Kwamboka yuko njiani, gari liko Kisumu. Tulikungoja mpaka jua likawa linazama. Haifai kumzika mtu gizani. Tukamfunika."

Baadaye nilijua na mengine. Picha yangu ya kasokoni ilizungushwa pale matangani kutoka simu hadi simu. Mtoto wa mzee yuko Ulaya anacheka, "Mungu ni mwema".

Kisii

Likizo yangu yote nilikuwa nimeimalizia Ugiriki. Kazini walinipa pole na kadi yenye maua, lakini ruhusa walinipa Desemba. Moraa alikuja. Sikumwalika. Nilimkuta kwenye foleni ya ndege akiwa na begi lake, sikumsalimia mpaka tulipofika Nairobi. Hapo aliniuliza kama nimekula, nikamwambia sijala, akaninunulia chai, ya maziwa. Tukanywa.

Nyumbani shangazi yangu, dada yake baba, hakunipa mkono. Alikuwa kwenye kigoda akichambua mboga, akaendelea kuchambua. Moraa alipiga magoti mbele yake, mwanamke mwenye nyumba Woodbury, suruali yake nzuri kwenye vumbi, akamwambia kwa Kikisii, "Mama, si yeye. Ni mimi niliyemficha. Nilikuwa namlinda njiani."

Shangazi alimtazama. "Ulikuwa unamlinda na nini?" aliuliza. "Kifo kilikuwa kimeshapita."

Moraa aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, na shangazi akamwacha alie, kisha akasogeza sufuria ya mboga katikati yao, Moraa akaanza kuchambua naye. Mimi sikuweza kumkasirikia tena baada ya hapo. Wala sikuweza kumpenda kama zamani. Mkituona kanisani tumeketi benchi moja, mjue tumo katikati hapo.

Osoro alinipeleka kaburini, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nilikuwa nimejiandaa kukuta kifusi cha udongo. Kumbe fundi alikuwa ameshapita, kaburi limesakafiwa kwa saruji, safi, limelainishwa. Nikasimama. Mtoto hutia udongo wake, kila mmoja wa ndugu zangu alitia, na mimi nitautia wapi?

"Huku," alisema Osoro, akazunguka upande wa miguu.

Kulikuwa na mraba mdogo usio na saruji, upana wa sahani. Osoro alimwambia fundi apaache wazi, fundi akabisha kwamba maji yataingia, Osoro akasema yaingie, kuna mtoto mmoja hajamaliza. Lakini mvua zilikuwa zimenyesha tangu Oktoba, na pale mahali pangu palikuwa pamejaa majani, marefu, ya kijani, yamenawiri.

Osoro aliinama ayang'oe. Nikamwambia aache. Nilipiga magoti nikayang'oa mwenyewe, na mizizi yake, mpaka udongo ukabaki mtupu. Kisha nikachota mwingine pembeni, nikautia, nikaushindilia kwa kiganja. Nilitaka kumwambia baba nilikuwa wapi, ila nikaona aibu.

Kesho yake asubuhi fundi alikuja na ndoo ya saruji, akapaziba.